Nilinunua Nyumba Kisiwani, Kumbe Nimejinunulia Mjane

…na ndiyo sababu siwezi kunyamaza, ingawa mara ya mwisho niliwaandikia kwamba nimeoa nanyi mkanipongeza hapa ukurasani. Furaha ile ingalipo, nawaapia, ila sasa imeingia mwiba. Lificheni jina langu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitano, asili yangu Kiambu. Nimesoma sekondari ya misheni, na ni karani wa mizani katika shamba moja la chai huku Kericho. Mke wangu, nitakayemwita Auma, ni binti wa seremala wa kiwandani. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa.

Nikianza kumsifu Auma sitamaliza. Akicheka, wachumaji husimama na vikapu mgongoni kutazama kuna nini. Jioni nikirudi nimelowa ukungu, hunivua koti akauliza, "Karani, leo umepima majani kiasi gani, na mimi umenikumbuka kiasi gani?" Humjibu kwamba mizani yetu haina jiwe la uzito huo. Bado nikisikia hatua zake mlangoni moyo wangu huruka kama wa mtoto.

Basi misheni ikanipa kazi ya ualimu katika kisiwa kimoja ndani ya ziwa. Nyumba tunayokaa ni ya shamba, na karani mpya anakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo lazima tutoke. Nikajiambia, Auma wangu hatafika ugenini akakosa paa. Nitamnunulia nyumba yetu wenyewe, nimshangaze.

Oloo, mchuuzi wa samaki wakavu anayeshukia stesheni ya Kipkelion, akanipa habari za boma zuri huko kisiwani. Lilikuwa la fundi wa mitumbwi aliyefariki. Nyumba ina bati, na ukisimama mlangoni unayaona maji. Ndugu za marehemu walikuwa tayari kuitoa. Kwetu Kiambu mtu hununua shamba na nyumba yake, mambo yakaisha. Nikauliza kama bati limetoboka. Nikauliza kama udongo unakubali mahindi.

"Na marehemu hakuacha mke?" nikakumbuka kuuliza.

"Yupo," Oloo akasema. "Hana shida. Atabaki hapo hapo bomani."

Mimi nikafurahi! Nilifikiri Auma atapata mama wa kumfundisha maisha ya kisiwani. Nikawatoa kuwa bei ya nyumba ng'ombe wangu waliokuwa wakilishwa na rafiki yangu, mzee wa Kikipsigis karibu na Silibwet, Oloo akawaswaga kuelekea ziwani.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia Auma. Alinirukia shingoni akapiga vigelegele hadi jirani akachungulia. Kisha akauliza, "Mwenyewe amehamia wapi?"

"Amefariki. Amebaki mjane wake."

Mikono ikalegea shingoni mwangu. "Na huyo mjane analala wapi?"

"Si humo humo? Nyumba ni kubwa."

"Karani," akasema polepole, "umefanya nini?"

Alinivuta hadi kwa baba yake. Mzee aliweka randa chini, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe wangu, kwetu nyumba ya mtu haiuzwi hivyo. Mgeni huomba mahali, akapewa, akajenga yake. Mwanamume akilala katika nyumba ya marehemu na mjane yuko hai, hakuna atakayeuliza alitoa nini. Amemrithi mjane. Hao ndugu walitafuta mtu wa nje wa kuwatua mzigo, nawe ukajileta."

"Lakini baba, mimi ni Mkristo. Nina ndoa ya kanisani."

"Kamwambie mjane hayo. Ng'ombe wako wameshaingia bomani kwake."

Oloo aliporudi na vikapu vyake alinisalimia mbele ya foleni yote ya mizani. "Mwenye nyumba! Mama ameshakandika ukuta upya, na ua ameufagia. Anasema usichelewe, bati linavuja upande wa kitanda."

Watu walicheka mpaka majani yakamwagika. "Karani, na huyu wa kisiwani ana kilo ngapi?" Hadi leo wananiita Mwenye Nyumba.

Auma hakucheka. Alikunja nguo zake akaenda kwa mama yake. "Sikuvaa pete hii nije kugawana mlango na mwanamke ambaye hata hujamwona," alisema. "Ukilala kisiwani usiku mmoja tu chini ya paa lile, usije kubisha kwetu."

Sasa nimebaki na sufuria yake na harufu ya sabuni yake kwenye mto. Nataka kwenda kuikataa nyumba ile, lakini chombo hufika jioni na kurudi kesho yake, na kule simjui mtu, mlango ulio wazi kwangu ni ule mmoja. Na mama yule je? Ameukandika ukuta kwa mikono yake akiamini amepata mtu. Nikidai ng'ombe wangu, nimemwaibisha mbele ya shemeji zake. Nikiwaacha, watasema nimekubali. Nikinyamaza, nimempoteza Auma.

Nyinyi mlionipongeza, msiniache sasa. Niseme nini kwa mjane asiye na kosa, na nimrudisheje mke wangu? Mwenye la kunishauri aliseme upesi.

Majibu yenu yakichelewa, nitakwenda hivyo hivyo na mkeka begani. Nitalala mchangani penye mitumbwi, kila mtu akiniona, hata mvua ikinyesha, kisha kukipambazuka nitasema na mama yule nikiwa nje ya ua, kabla chombo hakijarudi. Na wewe Auma, kama unayasoma haya, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kwa mama yako. Ukinikuta mlangoni na mchanga kwenye nywele, nifungulie.