Begonia Inayoitwa Kapinga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wageni ya kampuni moja yenye kiwanda pale Shituru, mkuu wa bustani alinishika mkono akakisokomeza kidole changu kwenye chungu cha ua liitwalo begonia. "Kama budongo bungali na maji, usitie," aliniambia. "Hii inakufaka na maji, haikufake na kiu." Nilidhani ananitania. Nilizoea mahindi mimi.

Begonia ya ndani hukaa karibu na dirisha lenye pazia, maana jua kali huunguza majani. Vumbi la kiwanda lilipotua hatukuliosha. Tulilipangusa kwa brashi kavu, kwa kuwa jani lililolowa hupata madoa. Siri niliyoipenda zaidi ni kupanda jani: unakata mishipa upande wa chini, unalilaza juu ya mchanga wenye unyevu, unaliwekea kijiwe. Baada ya majuma kadhaa inachipuka miche midogo. Kosa langu ni kumfundisha Mama Kapinga, mfagiaji wetu.

Mkono wake ulikuwa na baraka, nakiri kwa shingo upande. Begonia aliyoiotesha kwa jani ilitoa majani mapana kama sahani. Mkurugenzi alipopita akauliza, "Ni nani analimaka hii?"

"Ni miye, Patron," alijibu Kapinga.

Hakusema uongo. Lakini hakunitaja, nami, mtunza bustani, nimesimama pale na ndoo yangu. Tangu siku ile wafanyakazi wote waliliita ua lile Kapinga. Niliona wivu.

Juma zima nilikijaza chungu chake maji kabla hajafika. Shina likalegea, likaoza. Alinijia machozi yakimlengalenga. "Weye njo fundi, Papa Ilunga. Ni nini imeiua?"

"Labda ugonjwa," nilisema.

Jioni ile nilikuta nyumbani kwangu chungu kipya dirishani, na jani chini ya kijiwe. "Mama Kapinga aliniletea ku kanisa," mke wangu alisema kwa furaha. "Alikata majani ya ile yake yenye ilibakia mazuri, alipatia bamama bote."

Leo nimestaafu. Kapinga alihamia kwa binti yake, wala sikuwahi kumwambia. Begonia yake imejaa madirisha ya mtaa wetu, na hakuna hata moja inayoitwa Ilunga. Bado inaniuma, msinione mzee.

Kila asubuhi mke wangu huniuliza, "Papa Ilunga, ulishamupatia Kapinga maji?"

Natia kidole udongoni kwanza. Mimi najua jinsi anavyokufa.