Jina la Mpiga Besi

Mwanangu Delmas alikuwa mtoto mkubwa, mkimya. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, shule ya Lick Fork ilivunja bendi yake, na besi la kusimama, lile linalofanana na fidla lakini refu kumpita mtu, lililopasuka tumbo, likatupwa nyuma ya jengo pamoja na viti vibovu. Tulilipakia kwenye pikapu, marehemu baba yake akaliziba kwa gundi ya mbao, na tangu siku hiyo sahani zangu zikawa zinatetemeka rafuni kila jioni. Vidole vilipomchubuka nilimfunga utepe mgumu wa mafundi bomba. Hakulalamika, naye hajawahi kulalamika, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Alipofika kumi na tisa, Corbett Stiltner alimsikia kanisani. Corbett ndiye mpiga banjo mkongwe wa kaunti yetu. Picha yake imetundikwa kwa kinyozi, ameitia sahihi mwenyewe na kuipeleka mwenyewe. Alikuja jikoni kwangu akala maharage na mkate wa mahindi, akaongeza sahani ya pili, ndipo akasema:

"Kijana anapiga vizuri. Ila ana sura ya msibani. Nitamfanya kichekesho."

Katika bendi za zamani za bluegrass, muziki wetu wa nyuzi wa huku milimani, mpiga besi ndiye aliyekuwa mjinga wa jukwaani, na Corbett hana jambo asilolipenda la zamani, mradi asilivae yeye. Basi mwanangu akavishwa suruali pana iliyofungwa kamba na kofia yenye ukingo uliokunjwa juu, na jino la mbele likapakwa nta nyeusi. Akaitwa Boga.

"Boga, mbona besi lako kubwa hivyo?"

"Ilikuwa fidla, mzee. Niliisahau mvuani, ikavimba."

Watu wakaangua kicheko. Wakaangua mwaka wa kwanza, wakaangua na wa tisa, kicheko kilekile, kwa sababu watu wetu mzaha wanaupenda ukiwa wanaujua tayari. Delmas anafanya kazi duka la matairi, na wateja wakaanza, "Boga, nitazamie la nyuma kushoto." Mchungaji akaandika kwenye orodha ya maombi: bibi yake Boga, nyonga. Baba yake alipofariki, shada la bendi lilikuja na kadi iliyosema *Pole, Boga*. Niliing'oa kabla hajaiona. Nadhani aliiona.

Mwaka jana, akiwa na miaka sabini na moja, Corbett alitangaza kwamba bendi itarekodiwa mbele ya watu, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa shule ileile ya zamani. Delmas alikuja kwangu Alhamisi, akakaa akiizungusha kofia yake mikononi.

"Mama, mzaha na ubaki tu. Lakini pale anapotutambulisha mmoja mmoja, nataka jina langu. Delmas Keen wa Lick Fork. Hiyo itabaki hata mimi nikiwa sipo."

"Umemwambia?"

"Kasema sawa."

Naijua sawa ya Corbett. Alinipa moja kama hiyo alipoazima sufuria yangu kubwa, na mpaka leo sijaiona.

Siku hiyo nilifika mapema. Nilimkuta Corbett karibu na meza ya chakula, koti limepigwa pasi, vidole anavikunja na kuvikunjua maana siku hizi vinakakamaa.

"Mama Boga! Umetuletea mkate wa mahindi?"

"Nimekuja kukuuliza. Utalitaja jina la mwanangu?"

"Tulia, mama. Watu wamelipa kumwona Boga. Huyo mwingine nani anamjua?"

Akanipigapiga begani, akaenda kujitazama kwenye kioo cha mlango.

Fundi wa kurekodi alipanda jukwaani akatuonya. Tupige makofi wimbo ukiisha, simu zizimwe, mtu asiite mtu kwa jina, maana kila kitu kinaingia. Maikrofoni ilikuwa moja tu katikati, na wapigaji waliisogelea na kuipisha kwa zamu, kama kawaida yao. Nyimbo tatu zikapita. Corbett alikosa noti nyingi akazifunika kwa tabasamu, kana kwamba tabasamu nalo linarekodiwa.

Kisha akaanza kutambulisha. "Kwenye fidla, Harless Blevins wa Council!" Makofi. Akawataja wa mandolini na wa gitaa, majina kamili, na wanakotoka. "Na huyu tulimkuta kando ya barabara tukamwonea huruma. Boga!"

Ukumbi ukacheka. Corbett akauliza kuhusu ukubwa wa besi, akangoja fidla na mvua yake.

Delmas alivua kofia. Akafuta jino kwa mkono wa shati, akalisogeza besi mpaka kwenye maikrofoni.

"Mzee Corbett, niite jina langu."

"Boga!"

"Jina langu."

"Boga Mkubwa!" Safari hii walicheka wachache.

"Miaka tisa, mzee. Lile alilonipa mama yangu."

Corbett akafungua mdomo, akaufunga. Wapo wanaosema alikuwa anakataa. Mimi nilikuwa safu ya tatu na niliyaona macho yake. Jina hakuwa nalo. Akamgeukia Harless, na Harless akainamia fidla akaanza kukaza nyuzi zisizolegea. Mbele yangu alikaa bwana ambaye Delmas alimfungia matairi manne Jumanne iliyopita. Akamnong'oneza mkewe, "Hivi anaitwa nani vile?"

"Si Boga?" mkewe akasema.

Nikasimama.

"Delmas! Delmas Keen wa Lick Fork!"

Sauti yangu si nzuri. Naitumia kuita mbwa. Lakini haijafika mwisho Delmas akaupiga uzi. Katika bendi ile banjo ndiyo huanza, siku zote. Alianza peke yake, kwa kasi, na Corbett ikabidi akurupuke kumfukuzia. Kwa kuwa hakupata nafasi ya kujitazama, vidole vyake vilifanya kazi ambayo sijavisikia vikifanya kwa miaka kumi.

Baadaye Corbett alimwambia fundi anitoe kwenye rekodi.

"Haiwezekani," fundi akasema. "Sauti ya mama na noti ya kwanza ya besi zimeshikana. Nikimkata mama, wimbo unaanza na mguu mmoja."

"Basi utupilie mbali wimbo wote."

"Sikiliza kwanza banjo yako."

Akaisikiliza mara tatu, na wimbo ukabaki.

Albamu ilitoka mwezi wa tisa. Kwenye jalada imeandikwa *Besi: Boga*, nami sikutegemea zaidi kwa mtu yule. Delmas aliisoma, akaenda kwa Corbett akamrudishia suruali na kamba yake. Siku hizi anapiga kanisani, na kule dukani watu wanamwita Delmas, wakimuuliza ni nani yule mwanamke anayepiga kelele. Anawajibu ni mama yake.

Redio ya kaunti huucheza wimbo ule karibu kila asubuhi. Corbett hukaa kwa kinyozi, chini ya picha yake, akiusubiri, na anawataka watu wote wanyamaze. Basi wananyamaza, na kila akitaka kujisikia yeye, ananisikia mimi kwanza.