Anasomea Jamaa

Mtu akimuuliza baba yangu, Tata kama tunavyomwita Wahaya, nasomea nini chuo kikuu, alikuwa akijibu huku ameitazama migomba: "Anasomea jamaa."

Mimi nilimwambia sayansi ya jamii. Lakini miaka ile redio ilikuwa ujamaa asubuhi, ujamaa jioni, na Kiswahili chake Tata alikiokota ukubwani, kwenye maghala ya kahawa Bukoba mjini. Jamii, jamaa, ujamaa, kwake lilikuwa neno moja. Kijiji chetu cha Muleba kikapata kicheko cha mwaka mzima. "Jamaa wanasomewaje?" walimuuliza baada ya misa. "Si unazaliwa nao tu?" Maskini baba yangu, alitaka binti daktari. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma zaidi, maana masomo yale niliyapenda kupita kiasi.

Nilijaribu kumtajia kazi ambazo masomo hayo yangenipa: ofisa mipango, ofisa maendeleo, ustawi wa jamii, utamaduni, hata magereza wanatuhitaji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ipi hapo inavaliwa koti jeupe?"

Mama peke yake ndiye aliyenitetea. "Kwani jamaa hawaugui?" alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Likizo ya pili Tata akachoka kuchekwa. Yeye na mdogo wake walikuwa hawasemeshani tangu babu azikwe, na kila mtu alijua sababu: mpaka. Vibanja vyao, mashamba yao ya migomba, vilitenganishwa na mimea ya mlamula, ambao kwa Kihaya jina lake maana yake ni mwamuzi, na Tata aliapa kwamba mwamuzi huyo alikuwa amesogezwa. Siku moja, mbele ya wageni, akaninyooshea kidole.

"Wewe unayesomea jamaa, jamaa yangu ni mdogo wangu yule pale. Mponye kabla ya meli ya kukurudisha chuo. Ukishindwa, masomo hayo basi. Utaomba ualimu."

Namjua baba yangu. Hakuwa anatania hata kidogo.

Nikavuka mlamula. Baba mdogo alinipa kahawa ya kutafuna, akakaa akisubiri nimhukumu. Chuoni walitufundisha tusiulize nani mwenye kosa: ulizia ya zamani, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu, mimi niliyerithi mdomo wa mama yangu. Nikamuuliza walivyokuwa utotoni. Akacheka, akanieleza jinsi Tata alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto, wakienda shule ya misheni, ili kaptula yake isilowe. Kisha kicheko kikaisha. Nikauma ulimi, nikaendelea kutafuna.

"Mpaka?" akasema mwenyewe, bila kuulizwa. "Achana na mpaka, mwanangu. Baba yetu alipokufa, baba yako akakamua rubisi ya kwanza, pombe ya ndizi za kibanja alichotuachia. Kijiji kizima kilikunywa. Mimi sikuletewa hata kibuyu. Nikajua sina kaka."

Niliyarudisha maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Tata akaigeukia migomba, nikadhani amekasirika.

"Nilikuwa namsubiri aje," alisema hatimaye. "Mtu anaalikwa kwao?" Na machozi yakamtoka, baba yangu ambaye hata mazikoni sikumwona akilia.

Alikata ndizi za pombe, akazivundika, zilipoiva akazikamua. Rubisi ikawa tayari siku moja kabla ya safari yangu. Akajaza kibuyu kikubwa, akakiziba kwa jani la mgomba, akakibeba yeye mwenyewe, yeye aliye mkubwa, huku majirani wale wale wa baada ya misa wakimtazama. Nilimfuata nyuma. Nilitaka sana kuuona uso wa baba mdogo.

Alipofika kwenye mlamula akageuka.

"Unanifuata nini?" akasema. "Meli inaondoka kesho. Kafunge sanduku, urudi ukasomee jamaa."