Uji wa Mama na Dua ya Kuamka

Dua ya kuamka ni fupi kuliko muda wa kutafuta ndala gizani. Mume wangu alinifundisha mwaka tuliooana, nikiwa bado najing'ata ulimi kwa Kiarabu: Alhamdulillahi lladhi ahyana baada ma amatana wa ilayhi nnushur. Sifa zote ni za Mungu aliyetuhuisha baada ya kutufisha, na kwake tutafufuliwa. Unaisema ukifungua macho tu, kabla hata hujajua leo ni siku gani. Miaka yote niliisema kwa sauti.

Halafu mama yangu akapata kiharusi, nikamleta kwetu Kiamunyi. Mama ni mtu wa kanisa tangu utoto, binti wa mfanyakazi wa reli. Niliposilimu ili niolewe, alininunia miaka minne. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, maneno yamebaki ya kuhesabu, na mimi nalala kwenye godoro sakafuni kando ya kitanda chake. Mchana nashona sare za shule barazani. Nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauutoi.

Wiki za kwanza alikula vizuri. Naamka, nasema dua yangu, naswali, namlisha uji, anamaliza kikombe. Akina mama wa kanisa lake walikuja kila Alhamisi kumwombea. Mmoja wao alilala kwetu siku moja ili anipokee kazi, na asubuhi akanivuta jikoni.

"Si poa, dada. Unasomea mathe Kiarabu kila asubuhi na yeye hawezi hata kujitetea."

Iliniuma, lakini niliona ana haki. Nikaanza kuisema moyoni. Baada ya siku chache hata moyoni nikaacha. Sikuona cha kushukuru katika kuamshwa saa kumi na moja kubadilisha shuka zilizolowa.

Wiki hiyo hiyo mama akaanza kukataa uji. Anafunga mdomo, anageukia ukuta. Nikalaumu dawa mpya. Nikabadilisha unga, nikaweka wimbi, nikaongeza maziwa, nikakamulia ndimu. Wapi! Mchana alimeza vijiko viwili vitatu, basi. Daktari alimpima uzito mara mbili, akasema wiki inayofuata asipoona mabadiliko atampitishia mpira puani ili apate chakula.

Ila Alhamisi, akina mama wakishaomba na kumlisha wao, alikula. Hapo nikadhani nimeelewa. Mama hataki kula kutoka mkono wa Mwislamu. Ile miaka minne haikuwa imeisha, ilikuwa imepumzika tu.

Nikampigia mume wangu, aliyekuwa Elburgon akipakia mbao kwenye lori.

"Kwa hao wengine anakula, kwangu anakataa," nikamwambia. "Si wamchukue basi!"

"Usimkasirikie mgonjwa, mke wangu," akasema. "Umeswali lakini?"

Nikamkatia simu.

Asubuhi ya siku ya kurudi kwa daktari niliamka magoti yakiuma kama ya bibi kizee. Nikakaa kwenye godoro, nikaisoma ile dua kwa sauti, kubwa kuliko hata zamani. Shukrani haikuwamo hata chembe. Ulikuwa ubishi mtupu. Kama ni kunikataa, anikatae na dini yangu, tujue moja.

"Amina."

Nikageuka. Mama alikuwa amefumba macho. Mkono wa kushoto ameuweka juu ya ule uliokufa, vile alivyotufundisha kukaa mezani tukiwa wadogo. Nyumbani kwetu hakuna aliyegusa kikombe cha asubuhi kabla mtu hajaomba, na kuomba ni kwa sauti, kila mtu asikie. Baba akiwa safarini, aliomba mama. Mama akiugua, aliomba yeyote aliyetangulia kuamka. Ukiwa na njaa, ungoje. Niliyajua hayo kabla sijajua kusoma, na nilikuwa nimeyasahau kabisa.

Maskini, alikuwa akiningoja. Mimi namsongezea kijiko na nyumba haijaombewa, asubuhi baada ya asubuhi, halafu namwita mwenye kinyongo.

Siku hiyo nilimlisha kabla ya kuswali. Alimaliza kikombe, akataka kingine. Nililia huku nimeshika sufuria, na sehemu kubwa ya kilio hicho ilikuwa hasira juu yangu mwenyewe. Daktari aliukuta uzito uko pale pale, akatupa wiki nyingine mbili. Mpira hatukuuhitaji.

Uchovu haujaondoka. Shuka bado zinalowa, sare bado zinangoja. Juzi usingizi ulinilemea mpaka jua likachomoza. Kilichoniamsha ni kijiko kikigongwa kwenye kikombe kitupu. Nikafungua macho, nikabaki nimelala nikitazama dari, sitaki kuamka, sitaki chochote. Mama akaweka kijiko chini, akaupandisha mkono juu ya mkono.

"Omba," akasema. "Njaa."