Spindeli ya Kushoto

Bernadette Wieczorek aliapa mbele yangu, sahani ya pierogi, zile sambusa za Kipoland za kuchemsha, ikiwa mkononi, kwamba hatapanda tena gari la mumewe mpaka liwekwe breki zinazoshika. Mimi ni jirani yao hapa Wyandotte, uzio wa waya tu ndio unaotutenganisha, na siku ile nilicheka. Nikajua ni hasira za wiki moja. Kumbe sikumjua vizuri mama huyu. Alipikia watoto wa shule mpaka akastaafu, hamwogopi padri wala mwalimu mkuu, na akishasema amesema. Miaka kumi na moja alikwenda kanisani kwa miguu kila Jumapili ya kiangazi, mumewe akimfuata taratibu na lile gari jekundu, kioo kimeshushwa, akimbembeleza.

"Panda basi, Bernie. Jua hilo."

"Jua halijawahi kunigonga kwenye nguzo."

"Watu wanatuangalia, jamani."

"Waache waangalie. Mimi natembea. Anayeonekana kituko ni wewe."

Gari lenyewe ni Chevelle ya mwaka 1968. Norbert alilinunua akiwa kijana, kabla hata hajamwoa Bernadette, na injini yake ikinguruma vikombe vyangu hucheza kabatini. Lina nguvu za kung'oa kisiki. Kusimama ndiyo kazi. Lilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne, na anayezijua anajua: ukikanyaga mara ya kwanza zinashika, mara ya pili zinafikiria kwanza, na zikishapata moto unabaki kumwita Mungu. Siku iliyomtoa Bernadette garini, Norbert alikanyaga kwenye taa za Fort Street na gari likavuta kushoto, pua ikaingia njia ya wanaokuja. Lori likawakosa kidogo tu. Bernadette alishuka pale pale katikati ya barabara na kurudi nyumbani kwa miguu.

"Linavuta kushoto," aliwaambia mumewe na wanaume wenzake. Wakamcheka. Wakasema ni woga wa kike.

Na hapa lazima niwaseme wanaume hawa, maana nimeishi nao na bado wananishangaza. Kwao gari la zamani si gari mpaka kila kitu chake kiwe kile kile kilichofungwa kiwandani. Jumamosi asubuhi wanakutana uwanja wa duka la maandazi, wazee wazima wenye magoti mabovu, wanalala chini ya magari ya wenzao na tochi kusoma namba zilizogongwa kwenye chuma. Namba ikipishana na mwaka wa gari, hupati heshima hapo tena. Norbert alizijua namba za gari lake kwa kichwa, kuliko namba za simu za wanawe. Breki za diski zingelifanya gari lisimame kama gari la leo, na kila mtu alijua hilo. Lakini diski hazikuwa za kiwandani.

Aliyekuwa mkali kuliko wote ni Delbert Hutchins. Del na Norbert walifanya kazi pamoja kiwanda cha magari, Norbert kwenye milango, Del akichomelea. Watu wanasema hakukuwa na mchomeleaji kama Del kuanzia hapa mpaka kwao Kentucky. Hana mke, hana mtoto, Krismasi yuko kwa akina Wieczorek, Pasaka yuko kwa akina Wieczorek. Kila Norbert alipolegea kidogo kuhusu diski, Del alimrukia.

"Weka diski. Halafu weka na viti vya plastiki, uuze aiskrimu."

"Bernie anataka, Del."

"Shemeji anataka kupumzika na kelele zako. Mnunulie redio."

Mwaka huu walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Norbert akamuuliza mkewe anataka zawadi gani, na alikuwa tayari kwa pete, tayari hata kwa safari ya Poland. Bernadette alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Breki."

Ndipo mzee akaagiza. Boksi zikaja: diski, kalipa za kuzibana, mabomba na spindeli mpya mbili. Spindeli ndiyo kile chuma kinene chenye mkono uliochomoza pembeni, na gurudumu la mbele huzunguka juu ya mkono huo. Ikikatika, gurudumu linakwenda zake na wewe unakwenda zako.

Del alipoziona zile spindeli alibadilika. Nilikuwepo, nimewapelekea kahawa. Hakutania tena.

"Za nini hizi? Kuna mabano siku hizi, Norb. Unafunga diski juu ya spindeli zako zile zile za zamani. Usiziguse."

"Ndiyo maana nazitoa," Norbert akasema. "Nazitoa nzima nzima, ngoma na kila kitu, nasafisha, napaka mafuta, naweka juu ya rafu. Siku binti yangu Renata akilirithi gari akitaka kulirudisha lilivyokuwa, kila kitu kipo na namba zake."

"Acha uchafu wake. Uchafu nao ni wa kiwandani."

Norbert akacheka. Mimi pia nikacheka. Del hakucheka.

Jumamosi yenyewe nilisimama mlangoni mwa gereji na Bernadette. Alikuwa amevaa aproni, mikono kifuani, kama mtu anayesimamia mafundi wasioaminika. Gari lilikuwa juu ya vigingi vya chuma, magurudumu ya mbele yametolewa. Norbert alifungua upande wa kulia kwanza, akalegeza, akagonga kwa nyundo mpaka spindeli ikaachia. Akaisugua, akasoma namba kwa sauti, akatabasamu kama amesomewa jina lake redioni. Del alikaa juu ya ndoo, kofia machoni, sigara haijawashwa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hajalala vizuri.

Kisha kushoto. Ngoma ikatoka. Nyuma ya ngoma kuna sahani ya bati inayobeba viatu vya breki, na sahani hiyo hufunika shina la spindeli kwa mbele; namba iko nyuma, ukilala chini ya gari unaisoma. Norbert alikuwa amebadilisha viatu vya breki mara nyingi sana, lakini ile sahani hakuwa na sababu ya kuifungua. Sasa akaifungua, akaifuta spindeli kwa kitambaa, akaanza kutafuta namba. Mkono ukasimama.

"Bernie," akasema. "Hebu niletee miwani."

Hakuhitaji miwani. Hata mimi niliona kutoka mlangoni. Pale mkono unapotokea kwenye shina palikuwa na mshipa wa chuma kilichoyeyushwa, umeuzunguka, umesuguliwa vizuri na kupakwa rangi nyeusi. Mtu alikuwa ameichomelea. Na pembeni mwa mshipa huo palikuwa na ufa mpya, una kutu ndani, umekwenda zaidi ya nusu.

Sijui magari, lakini chuma kinachobeba gurudumu hakichomelewi, hilo hata mimi nalijua. Gari lile lilikuwa limekwenda mbio kwenye barabara kuu na kila mtu wa nyumba ile ndani yake. Norbert akaigeuza mkononi, akaigeuza tena. Halafu akapitisha kidole juu ya ule mshipa, na nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa amesimama karibu na mshono wa aina hiyo miaka ishirini na sita kiwandani. Aliujua mkono wa nani.

"Del."

Del hakuinuka kwenye ndoo.

"Del, hii ni kazi yako."

"Nililigonga ukingoni," Del akasema. "Uliponiazima, harusi ya dada yangu Toledo. Mwaka wa themanini na tisa. Mbwa aliingia barabarani. Gurudumu likalala, spindeli ikakatika."

"Si ungeniambia!"

"Nikwambie nini? Ungeniua. Lile gari ulikuwa hunipi hata kulipangusa."

"Ungenunua spindeli nyingine! Zilikuwa zimejaa kwa wauza vyuma chakavu!"

"Yenye namba gani, Norb?" Del sasa alikuwa anapiga kelele. "Yenye namba gani? Ulikuwa unazijua zote! Ningefunga nyingine ungeiona siku hiyo hiyo. Hii ndiyo ilikuwa na namba yako. Nikaichomelea usiku, nikasema itashika kidogo nitafute yenye namba ya mwezi ule ule. Sikuipata. Ikashika. Mwaka ukapita, ikashika. Ningeanzia wapi?"

Norbert aliketi chini, sakafuni, kwenye mafuta. Akaanza kutaja safari, si kwa Del, si kwa yeyote. Mackinac. Chicago kwenye mazishi ya mama yake. Renata, darasa la tatu, amelala kiti cha nyuma bila mkanda. Kila alipotaja moja alitikisa kichwa kama aliyezabwa kofi. Mimi machozi yalinitoka, na ninasema wazi, hasira ilinishika mpaka nikatamani kumtupia Del kikombe.

Bernadette akatoka mlangoni. Alimsogelea Del mpaka viatu vyao vikagusana.

"Tangu Toledo, Delbert. Umewahi kupanda gari hili?"

Del akapapasa mfuko kutafuta kiberiti.

"Nakuuliza. Misafara yote ya magari ya Juni, wewe nyuma na lori lako. Ziwani, nyuma na lori lako. Umewahi kukaa ndani hata mara moja?"

"Hapana, shemeji."

"Lakini mimi uliniacha nikae."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Del akanyanyuka, akaondoka akiyumba, akaacha kofia yake juu ya benchi. Norbert hakumwita.

Breki akamalizia mwenyewe, na alikawia, maana kila nati aliikaza, akaondoka, akarudi kuikaza tena. Zilikuwa breki nzuri. Lakini sasa kikazuka kisa kingine: Norbert hakuweza kuendesha. Aliwasha gari, akalitoa mpaka mwisho wa ua, akakaa hapo, akalizima. Siku iliyofuata vile vile. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akipiga mluzi akikata kona. Siku ya ndoa yao kutimiza hamsini alikaa garini na suti ya kanisani, amenyoa, na hakuweza hata kurudi nyuma.

Bernadette akafungua mlango wa dereva.

"Sogea."

"Bernie, wewe hujawahi kuendesha hili."

"Sogea, mzee."

Akanipungia mkono nipande nyuma. Kisha, badala ya kwenda kanisani, akaenda moja kwa moja mpaka nyumba ya Del na kupiga honi. Del alitokea barazani na fulana, uso umekonda. Alipoona ni nani aliye kwenye usukani alirudi hatua moja.

"Panda," Bernadette akasema.

"Shemeji, mimi—"

"Sijakuomba."

Akapanda. Akakaa nyuma pamoja nami, nyuma ya dereva, magoti yamebanwa, na nilimsikia anavyohema. Norbert alitazama mbele. Bernadette akashuka mpaka barabara ya mtoni, ambayo asubuhi huwa tupu, akakanyaga mafuta. Injini ikapiga yowe. Nyumba zikaanza kupita haraka, Norbert akashika dashibodi kwa mikono miwili, mimi nikamwita Mama wa Mungu, na pale alipotaka yeye, Bernadette akakanyaga breki.

Gari likasimama. Halikuvuta kushoto wala kulia.

"Hapo ulipokaa, Delbert," Bernadette akasema bila kugeuka, "ndipo Renata alikuwa anakaa."

Del akautazama mkono wake juu ya kiti, akautoa haraka kana kwamba kitambaa kimemuunguza. Akajibana kwangu mpaka akanisukuma mlangoni, mwanamume mkubwa vile, akanyanyua miguu, hakutaka hata kiatu chake kiguse upande ule. Bernadette akatia gia na kutupeleka kanisani, na njia nzima Del alikaa hivyo hivyo, amejikunja ubavuni mwangu, ile nafasi ameiacha wazi.