Mhojiwa Namba Nne

Naitwa Prudencia Ishengoma. Hapa Pasiansi wananiita Mama Leonsia, na kila anayenunua dagaa kwangu anajua kwamba ukinichokoza nakujibu papo hapo, halafu yanaisha. Hii ninayotaka kuisimulia haikuisha. Nimelala nayo tangu Juni, nimeamka nayo, nimekwenda nayo kanisani na nimerudi nayo nyumbani.

Leonsia ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, nikatoka naye Muleba, nikaja kuanzia maisha huku Mwanza kwa kuanika dagaa. Amekulia chini ya vichanja vyangu, zile meza ndefu za nguzo na nyavu tunazoanikia dagaa ili wasiguse mchanga. Kila ukimtafuta alikuwa anachora. Alichora kwenye maboksi, kwenye madaftari ya hesabu, kwenye ukuta wa jirani mpaka nikatukanwa kwa ajili yake. Alipomaliza shule akasema anataka kusomea grafiki. Nikamwuliza ndiyo nini hiyo. Akasema kila kitu kilichochapwa, bango, nembo, boksi la sabuni, kuna mtu alikaa chini akakibuni. Nikasema haya, kasome.

Mwaka wa mwisho wakapewa kazi ya kufungia masomo: kila mwanafunzi achague bidhaa ya hapahapa, aifanyie utafiti, kisha aibunie kifungashio. Leonsia akachagua dagaa. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikajua sasa huyu atakuja kuniuliza. Wapi! Alijifungia ndani na simu yake siku nne, akatoka na karatasi za maswali, dodoso wanaita, akapita nazo moja kwa moja mpaka kwa wanawake watatu tunaofanya nao kazi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa. Mimi niko pale pale, nasikia kwa masikio yangu, eti anawauliza kama wanapendelea kifungashio cha rangi za joto au rangi za baridi. Mmoja akajibu yoyote tu mwanangu. Mwingine akasema za baridi, maana jua lilikuwa linawaka. Leonsia akaandika yote, akawashukuru, akaondoka.

Jioni akanionyesha mchoro. Pakiti ya bluu, imezibwa kila upande, ina mawimbi, ina mnazi, na katikati kuna samaki mnene ananitazama. Nikamwuliza huyu samaki ni nani. Akasema ni dagaa. Nikamwuliza na huu mnazi umeuona wapi hapa ziwani. Akanionyesha kwenye simu picha za makopo ya samaki ya huko Ulaya, akasema ndiko alikopata msukumo wa ubunifu. Nikamrudishia mchoro wake, nikaenda kufunika dagaa.

Mwisho wa Aprili alirudi kutoka chuoni macho yamevimba. Mwalimu wake, Revocatus, alikuwa ameirudisha kazi yote. Kwa kalamu nyekundu ameandika kwamba utafiti hauna uhai, aurudie kabla Mei haijaisha, la sivyo anadisco. Ndivyo wanavyoita wao kufukuzwa chuo kwa kufeli. Miaka mitatu yote iende na maji kwa sababu ya mnazi.

Hapo ndipo nilipochemka. Nilimpa vidonge vyake vyote. Nikamwambia umezaliwa ukanyonya, ukaachishwa ziwa ukapewa uji wa dagaa, umesomeshwa na dagaa, halafu umekwenda kuuliza Ulaya dagaa wanafananaje? Alilia, nikamwacha alie. Kesho yake asubuhi nikamwambia weka simu chini, jifunge kanga ya kazi, twende, na leo usiulize mtu swali, tazama mikono.

Akatazama. Siku hiyo alikuja mteja wangu wa Sengerema, ambaye huvuka kutoka Busisi hadi Kigongo kila Jumanne kufuata mzigo. Yule mama haulizi bei kwanza. Anachota konzi, anasugua kwenye kiganja, anamwaga, anatazama kiganja kama kimebaki na mchanga. Kisha anavunja mmoja katikati karibu na sikio, asikie kama amekauka. Kisha ananusa. Kisha anatafuna mmoja mbichi hivyo hivyo, akianzia kichwani, na hapo ndipo anapokusalimia vizuri. Nikamwambia Leonsia: huyu ukimpa ile pakiti yako ya bluu, mkono ataingizia wapi? Alitoa daftari, akaanza kuchora mikono.

Wiki tatu alikaa na mimi vichanjani. Aligeuza dagaa, aliokota takataka, alikimbia na turubai mvua ilipotuvamia. Alichora rangi ya dagaa wa saa nne asubuhi walivyo weupe wa kung'aa, akachora na wale walionyeshewa wakawa na rangi ya kutu. Nilimkosoa kila siku na kila siku alifuta. Mwisho akatengeneza kitu ambacho mimi mwenyewe nilikishika nikakaa chini. Pakiti ya karatasi ya kaki. Mbele kumechorwa kiganja kilichofunguliwa, na katikati ya kiganja kuna kidirisha, kwa hiyo dagaa wenyewe unawaona wamelala kiganjani. Pembeni kuna kimfuko kidogo chenye konzi moja, unakichana, unasugua, unaonja, na pakiti kubwa bado imefungwa. Kile kiganja ni changu. Hata kovu la kisu chini ya kidole gumba alilichora.

Siku ya kuwasilisha, mwezi wa sita, akaniomba nimpelekee dagaa wapya wa kichanja, waliokauka siku hiyo hiyo, ili walimu waonje. Nilivaa gauni langu la kitenge, nikabeba beseni. Tulipofika getini Leonsia akasimama.

Akasema kuna kitu hakuniambia. Chuo hakiruhusu mtu kumhoji ndugu yake wa damu, kwa sababu ndugu hukupa majibu unayoyataka wewe. Na yale niliyomfundisha ndiyo utafiti wote, wale wanawake watatu hawakuwa na kitu. Kwa hiyo ameniandika kama mhojiwa namba nne. Nikiingia mle ndani nisiseme kwamba mimi ni mama yake.

Nikamwuliza, basi mimi ni nani?

"Mfanyabiashara wa dagaa," akasema, huku anatazama chini.

Nilitaka kugeuka na beseni langu nirudi Pasiansi. Nasema kweli, mguu mmoja ulishageuka. Lakini nilikumbuka ile kalamu nyekundu. Nikajikaza kisabuni, nikaingia, huku najiambia kwamba hakuna atakayeuliza.

Walimu walikuwa watatu, Revocatus amekaa katikati. Kijana mstaarabu kwa kumtazama, aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Leonsia akaanza kueleza, na alieleza vizuri, sauti haitetemeki. Nilikuwa naanza kupoa. Halafu akaweka ukutani picha ya mikono yangu, kubwa kuliko mlango, na chini yake pameandikwa: Mhojiwa Namba Nne, mwanamke, miaka 47, mchuuzi, elimu ya msingi. Elimu ya msingi, jamani. Ni kweli nimeishia la saba. Lakini yale yote aliyokuwa anayasema pale mbele, mchanga kwenye kiganja, kuvunja, kunusa, kuonja, yalitoka darasa gani?

Wakaletewa pakiti. Revocatus akachana kimfuko, na bila kuambiwa na mtu akamwaga dagaa kiganjani, akasugua, akatafuna mmoja. Wenzake nao vivyo hivyo. Wakatazamana, nikaona wameridhika. Nikajua mtoto amepita. Ndipo Revocatus akavuta fomu ya chuo, akashika kalamu, akanigeukia.

"Mama, kabla hatujafunga. Huyu binti unamfahamu? Mna undugu wowote?"

Nilimtazama Leonsia. Nilitaka anitazame, hilo tu, anitazame halafu nitajua la kusema. Alikuwa anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Simfahamu," nikasema. "Alikuja mwaloni kuniuliza maswali."

Revocatus akaandika. Leonsia akasema, "Asante sana mama, unaweza kukaa." Alisema mama vile unavyomwambia mwanamke yeyote unayempisha njiani.

Alipata themanini na mbili. Alitoka nje anakimbia, ana soda mkononi, anasema mama tumefaulu. Nilimwambia abebe beseni. Nilimpenda, nilijivuna, na wakati huohuo nilitamani kumzaba kibao mbele ya chuo kizima. Sikumzaba. Tulirudi nyumbani, na miezi mitano tuliongea mambo ya chumvi na maji.

Novemba yakaja mahafali. Leonsia akanifuata kichanjani Jumatano moja, akazunguka zunguka, akageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa. Nikamwambia sema. Akasema mwalimu Revocatus atakuwepo, na akiniona kwenye viti vya wazazi atakumbuka, wanaweza kufuta matokeo. Akasema labda mama mdogo Hellen ndiye akae kwenye kile kiti. Kwa ajili ya siku hiyo tu. Halafu sherehe tufanye hapa nyumbani, mimi na yeye.

Hellen ni mdogo wangu wa mwisho, anafanya kazi ofisini kule Mirongo. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Anavaa viatu virefu na ananukia manukato.

"Leonsia," nikamwambia. "Nilisema sikufahamu mara moja, na nilisema kwa ajili yako. Mara ya pili sisemi. Mpeleke Hellen akae. Lakini ukitoka huko usirudi hapa kuniita mama. Niite mhojiwa."

Niliyasema polepole, na wanawake wote wa vichanja vya jirani waliyasikia. Sikujali. Leonsia aliondoka, akalala kwa Hellen usiku huo na uliofuata. Niliumia, nisifiche. Mara mbili nilishika simu nimpigie, nikaiweka. Nilijiambia kwamba nimemzaa mtoto anayeona haya kunionyesha, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha, siku ile nilipofungua mdomo nikasema simfahamu.

Jumamosi ya mahafali, saa moja asubuhi, nikamwona anakuja mwaloni na joho lake limekunjwa mkononi. Akaniamkia. Akanipa kadi ya mwaliko. Pale penye nafasi ya mzazi ameandika kwa mkono wake, kwa herufi nzuri sana, Prudencia Ishengoma. Nikamwuliza, na mwalimu wako je? Akasema twende mama. Nikamwuliza, na matokeo? Akasema twende. Sikuharakisha. Nilimaliza kugeuza kichanja changu, nikanawa, nikavaa kitenge kilekile cha mwezi wa sita. Hellen tulimkuta getini, akanikumbatia, akaenda kukaa nyuma.

Jina lake lilipoitwa nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Baadaye tukasimama nje ya hema tupigwe picha, na ndipo Revocatus akaja, amevaa joho lake jekundu. Akasimama mbele yangu. Nikamwona anavyonitazama. Kabla sijafungua mdomo, Leonsia akasogea akasimama kati yetu.

"Mwalimu, huyu ni mama yangu," akasema. "Ndiye mhojiwa namba nne. Nilidanganya, na nilimfanya na yeye adanganye."

Revocatus akacheka. Si kwa kejeli, alicheka kwa upole, vile mtu anavyomcheka mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile alipoingia na beseni. Mmefanana paji la uso mpaka mwendo. Fomu ndiyo inataka niulize, mama, na mimi nikauliza. Ungesema ndiyo, ningelazimika kumrudisha mwaka. Kwa hiyo ulifanya vizuri. Hongera sana."

Akaninyooshea mkono. Alikuwa anasubiri nimshukuru, naapa, uso wake wote ulikuwa unasubiri shukrani. Miezi mitano sikulala vizuri. Miezi mitano mwanangu ananikwepa mezani na mimi namkwepa. Kumbe huyu bwana alijua, akaniuliza hivyo hivyo, akanisikiliza namkana mtoto wangu wa pekee, akaandika, akakunja karatasi.

Mkono wake sikuupokea.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe ulijua. Yeye alijua. Mimi nilijua. Sasa ile fomu tulimjazia nani?"

Aliurudisha mkono wake ndani ya joho, akasema hongereni tena, akaenda kwa wazazi wengine. Mpiga picha akatuambia tusogeleane. Leonsia akanishika mkono kwa nguvu. Hasira nilikuwa nayo bado, kwake, kwa mwalimu na kwangu mwenyewe, na hata sasa ninayo. Nilimwacha anishike, maana ni mwanangu.