Miayo ya Alasiri

Mimi ni mtu wa kuchunguza mambo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiuliza, na hata ile miaka niliyobwia unga, nilipokuwa sijali kula wala kuoga, bado nilitaka kujua kwa nini mwenzangu kalala na mimi niko macho wakati tumetumia pamoja. Kwa hiyo miayo iliporudi, kabla sijaogopa nilijiuliza kwanza: hii imetoka wapi tena?

Arosto huanza na miayo. Si ya njaa wala ya usingizi. Inakuja mfululizo mpaka taya zinauma, kisha machozi na kamasi, kisha vinyweleo vinasimama kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu, na nje jua linachoma. Mwisho mifupa. Mwili uliozoea unga ukiukosa, unaudai. Methadoni ndiyo iliyonyamazisha deni hilo. Kila asubuhi nilitoka Kipawa, nyumbani kwa dada yangu, nikaenda kliniki Mwananyamala, nikapanga foleni mpaka dirishani na kunywa dozi yangu mbele ya muuguzi. Nikishameza ananiambia, "Ongea," apate hakika kwamba sijaificha shavuni, nami namjibu, "Shikamoo sista," ingawa ni binti mdogo kabisa. Anacheka, naondoka. Mpaka kesho yake nilikuwa mtu kama watu wengine.

Mambo yalikwenda hivyo zaidi ya mwaka. Halafu alasiri moja nachambua mchele nyumbani, nikapiga miayo, nikapiga tena, na pua ikaanza kuvuja juu ya ungo.

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Ukoo mzima uliponifungia milango, yeye alinifungulia wake kwa sharti moja: siku nikirudi kwenye unga nabeba begi langu, na hakuna kikao. Alirudi shuleni jioni ile akanikuta nimejikunja kwenye kochi.

"Una nini?"

"Mafua tu, dada."

Alinitazama machoni, kisha akaenda jikoni. Nilijua anachowaza. Yeye miaka ile alikuwa akiniona na kamasi hizi hizi, jasho hili hili, na kwake hiyo ndiyo sura ya mtu anayetumia. Hakuwa na namna ya kujua kwamba hiyo ni sura ya mtu aliyekosa. Iliniuma, maana safari hii sikuwa nimegusa kitu.

Foleni ilikuwa na jibu lake. "Wanatia maji, braza," aliniambia mwenzangu wa mbele. "Mie nimeshawashtukia zamani." Jibu lilinipendeza, lakini lilikuwa na tundu. Nilipomaliza kunywa sikuondoka, nikasimama pembeni niwatazame wenzangu wanavyotoka dirishani na wale wanaosubiri. Mmoja alikuwa akila chapati, wengine wakibishana Simba na Yanga kwa kelele. Hakuna aliyepiga miayo. Kisima kikiwa na chumvi, haiwezekani mtu mmoja tu ndiye aionje. Basi tatizo halikuwa dirishani, lilikuwa kwangu.

Nikaanza kujipeleleza. Mtaani wanasema ndimu inakata dawa, nikaacha ndimu, nikawa nakula samaki mkavu mkavu kama adhabu. Nikaacha kahawa. Nikajaribu kulala mchana, nikajaribu kutolala. Nilikagua kila kilichoingia kinywani mwangu isipokuwa vidonge vya kifua kikuu, ambavyo nilikuwa nimeanza kuvimeza majuma machache nyuma. Hivyo sikuvifikiria hata kidogo. Vilikuwa vya kifua, na methadoni ilikuwa ya kichwa. Akilini mwangu kila dawa ilishika njia yake na hazikuwa na pa kukutana. Nilivipata kwenye zahanati ya jirani, na waliponiuliza kama natumia dawa nyingine nilisema hapana. Mhudumu wa pale na mimi tunanunua vitumbua kwa mama mmoja, na mtaani mimi nilikuwa kaka wa mwalimu. Nilitaka nibaki hivyo.

Kila siku alasiri mifupa ilizidi kuuma, na nilijua kijiwe kinachoweza kuituliza kwa dakika chache. Nilikitamani, sitadanganya.

Mwishowe dada aliomba ruhusa shuleni. "Kesho tunaenda wote," alisema. "Wakupime. Unga ukiwemo, hapa usirudi."

Tulikwenda. Daktari wa kliniki alinisikiliza, akanipa kikopo. Nilipokirudisha alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa.

"Unameza dawa za TB?" aliuliza, hata kabla ya kupima.

"Ndiyo."

"Na ukatunyamazia?"

"Sikujua kama zinawahusu."

Akatueleza. Kimoja katika vidonge vile hulifanya ini lifanye kazi mbio kupita kiasi, likaitoa methadoni mwilini kabla ya wakati wake. Asubuhi nakunywa dozi nzima, alasiri haipo. Kisha akapima, na unga haukuwemo. Nilitaka kucheka kwa furaha. Nilimuuliza ini linajuaje, na kama linachoka, na kwa nini lisikimbize hivyo vidonge vyenyewe, mpaka akaniambia, "Kaka, kuna watu nje." Dada hakucheka.

Vidonge nisiviache hata siku moja, alisema daktari. Wao watapandisha methadoni kidogo kidogo, na TB ikiisha wataishusha. Akamgeukia dada. "Tunapopandisha, mwangalie anavyolala. Akikoroma vibaya, au akiwa mgumu kuamka, usisubiri, mlete."

"Kumwangalia najua," dada akasema. "Ndiyo kazi yangu miaka yote."

Dada alianza kuongea tulipokaribia nyumbani. "Begi lako nilishalifunga," alisema, akitazama mbele. "Lipo chumbani kwangu. Nitakurudishia nguo zako."

Miayo ilipungua juma lile. Alfajiri moja, ndege ya kwanza haijapita juu ya mabati, nilisikia mlango wangu unasukumwa taratibu. Nikajua anakuja kukagua mifuko ya suruali yangu, maana alikuwa na desturi hiyo na sikuwahi kumlaumu. Nikafumba macho, nijue tu ataanzia mfuko upi.

Alipita suruali iliyoning'inia kwenye msumari. Akainama kitandani, na nikahisi mgongo wa kiganja chake chini ya pua yangu. Aliuacha pale. Nikavuta pumzi kubwa na kuiachia juu ya vidole vyake, ili aisikie vizuri.